Kilichofagiwa Kabla ya Wimbo

Orodha ilikuwa na nyimbo kumi na nane, na wimbo wangu haukuwemo.

Niliisoma nimesimama, utepe wa kupimia shingoni, mteja kaninyooshea mikono nimpime kifua. Simu ilitetemeka, nikaichungulia, nikakuta ujumbe wa Askofu kwenye kundi letu la bendi: "Wapendwa, hizi hapa nyimbo za 'Jiwe kwa Jiwe'. Miaka ishirini ya neema. Tumwombee Fundi, anaanza kuzisafisha wiki hii." Nikashuka na orodha mpaka chini, nikarudi juu, nikashuka tena polepole kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia, "Bado."

Sisi ni bendi ya Mawe. Tunapiga roki, tena ile ya gitaa za kukwaruza na ngoma za kutikisa madirisha, na tunamwimbia Mungu. Watu wa kanisani walisema tunapiga makelele, watu wa kumbi za starehe wakasema tunawahubiria. Hapo katikati tukapata watu wetu, na katika miaka ishirini tumewapa albamu saba. Hii ya nane ilikuwa mkusanyo, zile nyimbo bora za safari nzima, zichukuliwe kwenye kanda za zamani, zisafishwe upya, kila moja iandikwe na jina la aliyeitunga. Baada ya hapo, alisema Askofu, tunaweka vyombo chini. Magoti yamechoka.

Askofu si askofu. Ni mwimbaji wetu, na mchana anapima watu macho na kuwauzia miwani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata akiomba chumvi mezani unajisikia umehubiriwa. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo ni kaka yangu, na si kaka wa kutamka tu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, Mama Mdogo akanichukua, nikala sahani moja na huyo Askofu mpaka nimeota ndevu, kama wanawake wangekuwa wanaota. Wa pili ni Nyundo, mpiga ngoma, fundi bomba, mdomo haufungi. Wa tatu ni Kimya, mpiga gitaa, mwalimu wa hesabu, mdomo haufunguki. Mimi napiga besi na ni mshonaji: sare za shule, majoho ya kwaya, mapazia. Wananiita Uzi, wengine kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya umbo.

Katika albamu zote saba nimetunga wimbo mmoja. Unaitwa "Nihesabu na Mimi", uko kwenye albamu ya tatu, na mpaka leo tukipanda jukwaani watu wanaudai kabla hatujafunga nyaya. Besi haina jina, jamani. Unaweza kupiga besi miaka ishirini mtu akakuuliza wewe ulikuwa unafanya nini pale nyuma. Wimbo ule ndio ulikuwa jina langu. Ukikosekana kwenye mkusanyo wa mwisho, mimi sikuwepo.

Nikampigia Nyundo.

"Umeiona orodha?"

"Nimeiona, dada."

"Na?"

"Nzuri."

Ala! Nyundo huyu, ambaye ukimuuliza saa anakuhadithia maisha ya aliyemuuzia saa! Leo neno moja?

"Wimbo wangu uko wapi?"

Nikasikia chuma kinagonga chuma. "Niko chini ya sinki la watu, dada. Maji yananiingia masikioni. Muulize Askofu." Akakata.

Nikampigia Kimya, nikitegemea kuguniwa. Kumbe! Kimya siku hiyo alifunguka kama bomba la Nyundo. "Unajua, dada, albamu ina nafasi ya dakika sabini na nne. Ukichukua wastani wa dakika nne na sekunde sita kwa kila wimbo, ukazidisha mara kumi na nane, unabaki na sekunde kumi na mbili tu. Ukiongeza wimbo mmoja unavuka mpaka."

"Wimbo wa tisa," nikamwambia, "ule usio na maneno, una dakika saba. Hakuna anayeukumbuka. Hata aliyeutunga haukumbuki."

"Nimeutunga mimi."

"Najua."

Akanyamaza, akawa Kimya ninayemjua. Lakini nilikuwa nimeshasikia ya kutosha. Msemaji amefunga mdomo na bubu anahutubia. Hapo pana jambo. Mtu mzima hatishiwi nyau. Nikamwambia msaidizi wangu afunge duka, nikaenda kwa Askofu.

Nilimkuta amemvalisha bibi mmoja yale mawani ya chuma ya kupimia, anambadilishia vioo, "hiki au hiki?" Nikasubiri kwenye benchi, mguu unanicheza. Bibi alipotoka nikasimama katikati ya duka.

"Kaka, mbona hivi?"

Hakujifanya hajui ninachouliza, hapo namsifu. Alisema, "Rekodi ya albamu ya tatu haikuwa nzuri."

"Nyimbo mbili za albamu hiyo hiyo zimo. Namba tano na namba kumi na mbili. Hizo zilirekodiwa peponi?"

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi kuliko roho yangu. "Uzi, dada yangu, nakuomba uniamini kwa hili moja tu."

Mtu akikuomba umwamini, tazama mlango uko wapi. Mimi nilitazama, nikatoka, na nikamwambia nikiwa nje kabisa, watu wanasikia, kwamba mafuta ya mgongo wa chupa akampake mwingine.

Jumamosi yake nilikuwa napeleka mapazia mtaa wa pili kutoka studio ya Fundi wetu wa sauti. Nikapita, sikufichi, nilipita makusudi. Nikaona gari la Nyundo lenye mabomba juu. Nikaona baiskeli ya Kimya imefungwa kwa minyororo miwili, maana mwalimu huyo hamwamini mtu, na humo ndimo tunamofanana. Nikaona gari la Askofu. Wote watatu ndani, na mimi sina habari. Nilisimama pale na furushi la mapazia kichwani mpaka shingo ikauma. Dalili ya mvua ni mawingu. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa mvua.

Sasa nitasema. Nimezunguka vya kutosha.

Miaka kumi na sita iliyopita, tulipokuwa tunajiandaa kwa albamu ya tatu, niliupeleka wimbo ule kwa Askofu mara tatu. Mara ya kwanza akasema haujaiva. Mara ya pili akasema haujaiva. Mara ya tatu, mbele ya wote, akacheka: "Uzi, wewe tushonee majoho. Kutunga tuachie sisi." Nyundo akacheka. Kimya naye, ambaye hacheki hata akitekenywa, akacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda nyumbani nikawaandikia barua wazee wa kanisa, bila jina, kwa herufi kubwa kubwa za kuficha mwandiko. Niliandika kwamba kijana wao anayeongoza sifa ana mwanamke na mtoto kwenye nyumba fulani nyuma ya soko, na kwamba huenda huko akitoka kuwaimbia. Uongo mtupu. Nilitaka tu aaibike wiki moja, ajue ladha yake.

Haikuwa wiki moja. Walimvua uongozi siku ya ibada, mbele ya watu, na ukumbi wa mazoezi wakatufungia. Alikana mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, halafu hakusema tena. Wazee walikuja kumrudishia nafasi miaka mitatu baadaye, kimyakimya, bila hata pole. Lakini Mama Mdogo, aliyekuwa akikaa kiti cha mbele kabisa na kuimba kwa sauti kuliko vipaza sauti vyetu, aliacha kwenda kumsikiliza mwanawe. Alihama kanisa. Alipika, alimwekea mwanawe chakula, akala chumbani kwake. Alifariki mwaka wa pili, hajamsikia tena akiimba.

Na kabla ya kifo hicho, miezi minane tu baada ya barua, Askofu alinijia akasema, "Ule wimbo wako, nadhani umeiva." Tukaurekodi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikajiambia yaliyopita si ndwele.

Kwa hiyo elewa nilivyokuwa nikifikiri pale mtaani. Wamejua. Mtu amewaambia. Miaka kumi na sita nimekaa na siri yangu, na leo, kwenye albamu ya mwisho, wameamua kunifuta bila kunipa hata nafasi ya kujitetea. Nikaanza kumtafuta msaliti wakati sikuwahi kumwambia mtu. Nikamshuku mzee wa kanisa aliyekwisha kufa. Nikamshuku mume wangu, kwamba labda nasema usingizini. Siku tatu nilimwamsha maskini kila alfajiri kumuuliza nimesema nini.

Jumanne mchana, nikijua Askofu ana wateja, nikaenda kwa Fundi.

Fundi wetu wa sauti ni mzee wa kikohozi na sweta, studio yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, kuta zimebandikwa trei za mayai mpaka darini. Ametuhudumia tangu albamu ya kwanza. Ana sheria moja: hafuti kitu. Kanda zote zimo kwenye maboksi ya viatu, na tarehe juu yake.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Mawe hatupigi na kinyongo. Kabla ya kurekodi wimbo wowote tunasimama kwenye duara, kila mmoja mbele ya kipaza sauti chake, na mwenye jambo na mwenzake analisema, wanasameheana, tunasali, ndipo tunapiga. Tunaita kufagia. Na likishafagiwa halitajwi tena maisha, si kwa hasira, si kwa utani. Kilichofagiwa hakirudishwi ndani. Ndoa ngapi zingepona kwa sheria hiyo! Fundi naye alikuwa akiwasha mkanda tukiwa bado tunafagia, apime sauti zetu, kwa sababu mtu akisali hajui anasikilizwa, sauti yake hutoka kamili. Baadaye alikuwa anaanzia wimbo, sala inabaki kwenye mkanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Askofu amesema nije nisikilize 'Nihesabu na Mimi'." Uongo mwingine huo. Ukishazoea hauumi.

Fundi akakohoa. "Askofu hajaniambia."

"Basi hujaambiwa. Mzee, wimbo ni wangu. Besi ni yangu. Miaka ishirini mnanipunguzia besi nikigeuka tu, leo nataka kusikia mkanda wenyewe toka mwanzo, kabla hamjauharibu!"

"Toka mwanzo," akarudia.

"Toka mwanzo! Unanijua!"

"Nakujua," akasema, na alinitazama kwa huruma, jambo lililonitia hasira zaidi. Alitafuta boksi, akaweka mkanda, akanipa vile vya kuvaa masikioni. Halafu akachukua simu yake. "Mimi nitakuwa nje. Ukitaka kuzima, kitufe ni hiki."

Nikajua anakwenda kumpigia Askofu. Apige. Nikabonyeza.

Kwanza ni mvumo tu. Kisha kiti, kikohozi cha Fundi akiwa bado na nguvu zake, na Nyundo: "Uzi yuko wapi?"

Askofu akajibu, "Anamalizia sare za watu. Anachelewa nusu saa. Tuanze kufagia, akija tutamalizia naye."

Kisha Nyundo tena, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mimi nina jambo. Juzi nilikwenda kuziba bomba kwa mmoja wa wale wazee wa kanisa. Barua ipo, ameiweka kwenye kabati la jikoni. Nimeishika. Karatasi yake ina mstari wa vitundu pembeni, vidogovidogo, vimefuatana. Mke wangu anashona. Ni kile kigurudumu chenye meno wanachopitisha kwenye karatasi kuhamisha alama za kukatia."

Ninacho kigurudumu hicho mpaka leo. Niliandika barua ile kwenye kipande cha karatasi ya vipimo, ile ya mezani kwangu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Niligeuza mwandiko, nikageuza kalamu, nikaituma kutoka posta ya mbali. Karatasi sikuiangalia. Mtu huacha kuona kitu anachokishika kila siku.

"Washonaji wako wengi," akasema Askofu.

Kimya akasema maneno mawili. "Ni yeye."

Mkanda ukazunguka. Kisha sauti ya Askofu, lakini haikuwa ya Askofu, ilikuwa ya yule mvulana niliyekula naye sahani moja. "Nilijua. Nilijua tangu siku ile waliponiuliza, nilipomwona anavyonitazama. Sikutaka nijue." Akapumua. "Mama hanisemeshi, jamani. Ananiwekea chakula halafu anaingia ndani. Namsikia anapiga kijiko kwenye sahani kule chumbani."

"Basi leo tusirekodi," akasema Nyundo. "Tena wimbo wake! Tuufute kabisa. Na yeye aende."

"Aende wapi? Ana nani?"

Hapo nilitaka kuzima. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikuzima, kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka kusikia mpaka mwisho, na hilo ndilo balaa langu.

Askofu akaanza kusali. "Baba, dada yangu Uzi..." Akakwama. Akaanza tena. "Baba, dada yangu..." Akakwama. Akasema, "Siwezi." Kimya akasema, "Hatuna haraka." Wakakaa. Fundi hakuzima mkanda, nao ulizunguka, nikahesabu kwenye saa ya ukutani, dakika nne nzima za watu kupumua. Ndefu kuliko wimbo wenyewe. Kisha Askofu akasema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: "Nimemsamehe. Nilimcheka mbele ya watu, nami nilikosa. Nimemsamehe barua. Lisitajwe. Asijue kwamba tunajua, maana akijua hataweza kukaa nasi." Nyundo akasema amina, akilia. Kimya akasema amina.

Na hapo hapo mlango ukagongwa, na mtu akaingia kwa kelele.

"Samahani jamani, nimechelewa! Yule mama na sare zake, mtoto ana tumbo kama ngoma ya Nyundo! Haya, mmeshafagia? Mimi sina kinyongo na mtu. Nyie?"

Ilikuwa sauti yangu. Nyepesi, ina furaha, haina habari. Nilikuwa nacheka.

"Hatuna, dada," akasema Askofu. "Karibu. Tupige."

Na wakapiga. Mungu wangu, walivyopiga! Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara elfu, na sikuwahi kujua kwa nini Nyundo anapiga kama mtu anayevunja ukuta, na kwa nini Askofu pale kwenye ubeti wa pili sauti inampasuka. Siku zote nilidhani ni utunzi wangu.

Mlango wa studio ukafunguka. Alikuwa Askofu wa leo, na koti lake jeupe la dukani, anahema. Nilivua vile vya masikioni nikaviweka mezani.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Ndiyo maana niliuondoa. Nakujua, Uzi. Huwezi kupitisha wimbo wako bila kusikiliza mkanda toka mwanzo. Jumamosi tulikuja wote watatu kumsihi mzee huyu afute kipande kile tu. Amekataa. Tumempigia magoti, amekataa."

Ningepaswa kuanguka miguuni pake. Badala yake hasira zilinipanda, ndivyo nilivyoumbwa. "Miaka kumi na sita mnanitazama nikijidai! Nimesimama jukwaani mara ngapi nikishuhudia habari za moyo safi, na ninyi nyuma yangu mnajua! Mlikuwa mnanicheka?"

"Hakuna aliyecheka. Tulikubaliana, dada. Kilichofagiwa hakirudishwi."

"Ninyi mlikubaliana. Mimi sikuwepo. Nilichelewa!"

Alitabasamu kidogo, akiwa na macho mekundu. "Ulichelewa, kama kawaida yako." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribiana. "Sikiliza. Yamekwisha. Yalikwisha zamani. Wimbo wako naurudisha. Namwambia Kimya atoe ule wake wa dakika saba. Atanuna siku mbili, atapoa. Jina lako litaandikwa. Haya, nipe mkono."

Akaunyoosha mkono wake.

Nilichokitaka chote kilikuwa kwenye mkono ule: wimbo, jina, na msamaha wa bure, uliolipwa na mtu mwingine. Ilibaki kuushika tu, nirudi dukani nikamalizie majoho. Nani angejua? Hakuna aliyekuwa anajua. Na hilo ndilo lililonikaba, maana watu hawa walijua kila kitu nilichodhani hawajui, wakanipenda hivyo hivyo, isipokuwa kitu kimoja ambacho kweli hawakukijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilikwisha kupita na hakikuniumbua.

"Kuna kingine," nikasema.

"Hakuna kingine."

"Kipo, kaka. Hamkukifagia kwa sababu kilikuwa hakijatokea."

Mkono wake ukabaki hewani.

"Wiki ile ya mwisho ya Mama Mdogo hospitali. Siku ulipokwenda kutafuta ile dawa iliyokosekana, nikabaki naye mimi. Alinishika hapa." Nikamwonyesha kifundo cha mkono. "Hakuwa na nguvu, lakini alinishika kwelikweli. Akaniambia, 'Mwanangu, wewe ndiye unayemjua ndugu yako. Usinifiche. Yale ya kwenye barua ni kweli?'"

Askofu akaushusha mkono wake.

"Lilikuwa neno moja tu. Ningesema 'hapana', ingetosha, asingeniuliza nimejuaje. Lakini niliogopa ataniuliza. Nikamwambia, 'Mama, pumzika.' Basi. 'Mama, pumzika.' Akanitazama. Akaniachia mkono, akageukia ukutani. Aliichukua kuwa ni ndiyo."

Nje Fundi alikohoa. Duka la rangi walikuwa wanatingisha ndoo kwenye ile mashine yao, ukuta unanguruma.

"Niliporudi na dawa," akasema Askofu polepole, "nilikaa pembeni yake. Nikamshika mkono. Akauvuta." Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. "Nilidhani ni maumivu. Miaka yote hii nimewaambia watu mama alikuwa na maumivu makali."

"Kaka..."

"Subiri."

Nikasubiri. Alisimama, akafunga vifungo vya koti lake, vyote, kimoja kimoja, akakosea, akavifungua, akaanza tena. Mimi sikumsaidia. Alikwenda mpaka mlangoni akasimama amenipa mgongo.

"Wimbo utaingia," akasema. "Nimeshasema, sirudi nyuma. Na barua nilikusamehe, hiyo nayo sirudi nyuma." Akashika kitasa. "Lakini hili la mama, Uzi, sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Nakwambia wazi ujue, usikae ukishuku."

Akatoka.